Kabla hujachomwa sindano ya goti, uliza ndani yake kuna nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongee na watu wenye maumivu ya viungo ya muda mrefu, hasa magoti, ila hata mabega na nyonga. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, hawa ndio wagonjwa wangu wa kila siku, na kinachoniumiza ni kwamba ukimuuliza mtu umechomwa sindano gani anakujibu "ya goti". Basi. Dawa haijui, hajui ilikuwa ya kufanya kazi gani, na mara nyingi alishachomwa nyingine kwa daktari mwingine na huyu wa sasa hakumwambia.

Jamani sindano za viungo sio dawa moja. Inayotumika sana ni steroidi, kama triamsinoloni au methiliprednisoloni, kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya kiungo. Mara nyingi inachanganywa na dawa ya ganzi na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, maana unatoka kwa daktari goti jepesi kabisa unajiona umepona, usiku ganzi inaisha maumivu yanarudi, pengine yamezidi ya mwanzo, kesho yake unatangaza kwamba umechomwa dawa feki. Sio feki. Steroidi inachukua siku kadhaa, kwa wengine hata wiki, ndio ianze kushika, na kuna watu kiungo kinawawaka siku moja mbili za mwanzo halafu kinatulia chenyewe, barafu na parasetamo vinatosha.

Ikishika, nafuu ni ya wiki kadhaa, wengine wanafika miezi mitatu. Lakini goti lililosagika halijengeki upya kwa steroidi, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu mtu akishaonja ile nafuu anataka sindano kila maumivu yakirudi. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Marekani, watu 140 wenye magoti yaliyosagika walifuatiliwa miaka 2, nusu wanachomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12 na nusu maji ya chumvi tu. Mwisho wake maumivu hayakutofautiana, ila waliochomwa steroidi gegedu lao, yaani ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limepungua zaidi. Ndio maana madaktari wengi hawapendi kuvuka mara 3 au 4 kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Sasa mtu anayezunguka kwa madaktari tofauti bila kusema, nani atamhesabia?

Sisemi steroidi ni mbaya. Goti likiwa limevimba na mtu halali usiku ni msaada mkubwa, na mwongozo wa chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa 2019 unaikubali kabisa kwa goti na nyonga. Ninachosema ni kwamba zile wiki za nafuu ndio wakati wa kufanya kazi, kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kama umezidi. Utafiti mwingine wa 2020 uliwalinganisha wagonjwa 156 wa goti, wengine sindano ya steroidi wengine fiziotherapia, na baada ya mwaka waliofanya fiziotherapia ndio walikuwa na maumivu kidogo zaidi na wanatembea vizuri zaidi. Nakutana na watu wanaoshinda wamekaa wakati goti limetulia, wananijia likishaanza kuuma tena, na muda mzuri wa mazoezi ndio umeshapita hivyo.

Halafu kuna sindano ya ute. Mtu anaambiwa ute wa goti umeisha inabidi aongezewe, anachomwa asidi ya hialuroniki, na sio rahisi bei. Wapo wanaosema imewasaidia na siwakatalii, lakini uchambuzi mkubwa wa 2022 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha tofauti kati yake na sindano isiyo na dawa ni ndogo mno, mgonjwa hata haisikii. Ile ya damu yako mwenyewe, inayozungushwa kwenye mashine wakatoa sehemu yenye chembe sahani nyingi, yaani zile chembe zinazosaidia damu kuganda, nayo ina tafiti zinazoisifia, ila Australia mwaka 2021 waliipima kwa watu 288 dhidi ya maji ya chumvi na baada ya miezi 12 maumivu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kuhusu sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, nitasema kifupi, anayekuahidi gegedu jipya kwa sindano mwambie akuonyeshe ushahidi kabla hujauza kitu.

Na zile sindano za makalioni, diklofenaki na nyinginezo, hizo sio sindano za kiungo hata kama goti linapata nafuu. Zinapita mwili mzima, na diklofenaki ya mara kwa mara inagusa tumbo, figo na presha.

Sasa mambo ya kumwambia daktari kabla hajashika bomba. Kama una kisukari sema, kwa sababu steroidi inapandisha sukari siku kadhaa hata kama imechomwa kwenye goti tu, pima mara nyingi zaidi siku hizo na mkubaliane mapema ufanye nini ikipanda. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda sema, ila usiziache kwa kujiamulia mwenyewe. Kidonda au jipu karibu na kiungo, homa, kiungo cha bandia, yote sema. Na kama unasubiri kubadilishwa goti au nyonga, sindano ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji inaongeza hatari ya maambukizi.

Kuna moja watu wanalificha na ndilo linalonitisha kuliko yote. Baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI zina ritonaviri au kobisistati, hizi zinazuia ini lisivunje triamsinoloni, kwa hiyo sindano moja tu ya goti inaweza kukaa mwilini muda mrefu kwa kiwango kikubwa, uso unavimba, sukari inapanda, tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinalala. Daktari akijua anachagua njia nyingine, hilo sio tatizo kwake. Asipojua hawezi kukukinga. Kama hujui dawa zako zina nini nenda na kopo lenyewe, kama kuna watu chumbani mwombe mbaki wawili. Mwambie tu, tafadhali.

Ukiwa kitandani angalia kinachofanyika. Ngozi isafishwe vizuri, sindano iwe mpya, na kiungo kikiwa kimejaa daktari atavuta maji kwanza. Maji ya kawaida ya kiungo ni ya manjano hafifu na yanapitisha mwanga. Yakitoka mazito kama maziwa au kama usaha, daktari makini anaishia hapo, anayapeleka maabara na steroidi haichomi, kwa sababu kuweka steroidi juu ya maambukizi ni hatari. Usikasirike kwamba umechomwa na dawa hujapata. Hayo maji yanaweza kuonyesha kumbe ni jongo, yaani gauti, na matibabu yakabadilika kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni ngozi. Kuna mama alinionyesha kifundo cha mkono, pale alipochomwa pana doa jeupe la ukubwa wa sarafu na nyama imebonyea, alikuwa analifunika kwa kitambaa akiamini ameanza ugonjwa wa ngozi. Ilikuwa ni steroidi, hutokea zaidi kwenye viungo vilivyo karibu na ngozi na kwetu wenye ngozi nyeusi linaonekana haraka. Mara nyingi rangi inarudi taratibu baada ya miezi, sio kwa wote. Angeambiwa mapema asingeteseka na ile hofu.

Ukitoka hapo pumzisha kiungo na kazi nzito siku moja au mbili. Maambukizi ni nadra lakini yakiingia yanaharibu kiungo ndani ya siku chache, kwa hiyo ukiona homa, kiungo kinazidi kuvimba, cha moto, maumivu yanapanda badala ya kushuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na nyie madaktari mnaosoma gazeti hili, nawaomba sana, mwandikieni mgonjwa kwenye kadi jina la dawa, kipimo, kiungo gani na tarehe, kwa maandishi yanayosomeka, ili sisi tunaompokea baadaye tusibaki kukisia.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa fiziotherapia