Masikio yako, mwanangu

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Hapa hatujambo, ila mguu unanisumbua kidogo. Mkeo ndiye aliyeniambia kwamba Ijumaa unavuka Namanga kwenda Nairobi kwenye tamasha la muziki wa metali, ule wa magitaa ya kelele, siku mbili nzima. Wewe hukusema. Una miaka 47, ruhusa huombi, lakini kuaga ni kitu kingine.

Sikukatazi. Wenzangu wa jumuiya wakasema ni muziki wa mashetani, nikawajibu kwamba mtu aliyesomesha wadogo zake wanne hachaguliwi ngoma. Mimi hofu yangu ni masikio. Na afadhali lingekuwa tamasha kubwa, maana huko huwekwa uzio mbele ya jukwaa. Kwenye dogo watu ni mia chache, mtu anajisogeza mpaka anaegemea spika.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuviotesha. Sauti kama s na f hupotea mapema: utamsikia mkeo anaongea, usijue kasema nini.

Shika hesabu hii, wewe hesabu unaziweza. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli 85 sikio linavumilia saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, mpaka 100 ni dakika 15. Mbele ya jukwaa la metali 106 ni kawaida, na hapo hupati hata dakika 4. Ukivaa vizibo vya masikio sawasawa ukapunguza 15, zinabaki 91, yaani saa 2. Sasa toka mita 5 kutoka kwenye spika urudi mita 10. Uwanjani pa wazi unapunguza kama 6 nyingine, umefika 85. Simama karibu na meza ya fundi mitambo. Pale ndipo anaposikilizia mwenyewe, kwa hiyo hata gitaa utalisikia vizuri zaidi.

Nunua vizibo vya sponji, pea sita, vinapotea. Pakiti ikiandika kwamba vinapunguza desibeli 33 usiiamini, hicho ni kipimo cha maabara. Wewe hesabu nusu. Pamba na tishu si kitu.

Sasa kuvivaa, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, kisiwe na mkunjo, kwa sababu mkunjo ni mlango wa sauti. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma, njia yake imepinda. Kiingize upesi kabla hakijavimba, ukishikilie kwa kidole sekunde 30. Ukiongea, sauti yako iwe nzito kama umeingiza kichwa mtungini. Mtu aliyesimama mbele yako akikiona kimechomoza, hakijaingia. Kitoe uanze upya. Fanya hayo kabla ya kuingia uwanjani. Na rafiki akikupigia kelele usikichomoe ili umsikie, mtoke nje mkaongee.

Sikio la kushoto likiwa linatoa maji, usilizibe, na kwenye tamasha usiende. Likiwa kavu lizibe kama la kulia. Mafuta ya moto uliyotiwa humo hayakuwa dawa, na aliyeyatia siye wewe.

Goti likiuma usimeze aspirini ovyo. Zikizidi zinavumisha masikio, hutajua mlio ni wa dawa au wa spika. Kwenye lile duara la mashabiki kusukumana wakicheza, kaa pembeni, kamba za viatu zifungwe, miwani uivue. Akianguka mtu muinueni kwanza. Mkitikisa vichwa kwa muziki, shingo nayo usiitupe mpaka mwisho, itikise kidogo.

Usiku ulale mbali na jukwaa, masikio yapumzike. Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja, nenda ukapimwe. Ukiamka sikio moja limekufa ghafla, usingoje hata kesho, nenda siku hiyohiyo. Ukichelewa, dawa inaweza isifae kitu.

Vizibo unavivaa, sivyo? Nijibu hilo kwanza.

Bati la jiko limeanza kuvuja upande wa mwembe, fundi anataka mabati matatu na misumari kilo moja. Si haraka. Dagaa wamekuwa ghali, mvua haiwaachi wakauke. Debe la mawese nimempa dereva wa lori, nimelifunga nailoni mara mbili. Likifika limeganda usidhani limeharibika, ni baridi ya Arusha. Lianike juani mpaka liyeyuke, ndipo ugawe. Lita tano ni za mama mkwe wako.

Mama yako