Waache wachore tembo wao

Msasani, Dar es Salaam

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, isipokuwa bibi yako, mguu unamsumbua tangu mvua zianze na bado hataki kutulia. Ujumbe wako mrefu wa simu nimeusoma, nikaona nisikujibu huko huko. Mambo ya kazi yanataka karatasi.

Umelalamika kwamba hapo Tunduru ulikopelekwa kufundisha sanaa huna rangi, huna brashi, karatasi zenyewe ni za kugawana, na watoto kila ukiwaambia wachore wanachotaka wanakuletea nyumba ya bati, bendera, na ua moja kubwa kuliko nyumba. Halafu kuna yule mzazi aliyekuja shuleni kusema mwanawe asichoreshwe viumbe wenye roho. La mzazi nitalifikia, lina uzito wake.

Tuanze na rangi. Umepelekwa kwao Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha picha zinazoitwa kwa jina lake, halafu unalia huna rangi! Mzee yule alitoka huko huko Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, ndipo akaja Dar kutafuta maisha. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alitumia vipande vya silingibodi na rangi ya kupaka baiskeli, maana ndivyo vilivyopatikana. Shule ya uchoraji hakuiona. Picha zilianikwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na zikapata wanunuzi. Akawavuta ndugu na jamaa, kina Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata, wakajifunza wakiwa wamekaa pembeni yake wakimwangalia. Alikufa kwa risasi mwaka 1972. Ni miaka minne tu ile, na hao aliowafundisha ndio waliofanya jina lake lifike hapa lilipo. Watu wanamsifu kwa tembo na ndege wake. Mimi namsifia zaidi ule ualimu, maana wachoraji wengi hodari wamezikwa na mikono yao.

Basi rangi utatengeneza. Tafuta udongo mwekundu na wa manjano, utwange, uchekeche kwa kipande cha kanga iliyochakaa mpaka upate unga laini kama poda. Weusi ni mkaa wa jikoni, weupe ni chokaa. Chemsha uji mwepesi wa muhogo, uuache upoe, ndio gundi yako. Changanya na udongo kidogo kidogo, ukizidisha uji picha ikikauka itang'aa halafu itabanduka. Na uchemshe wa siku hiyo hiyo. Ukilala unachacha, utafundisha darasa zima la nzi. Brashi ni kijiti kibichi kilichotafunwa ncha, kama mswaki. Karatasi ya mifuko ya saruji inapokea rangi hii vizuri kuliko ya daftari, kaulize kwa mafundi wanaojenga.

Sasa hiyo nyumba ya bati. Usiwagombeze. Wanachora hivyo kwa sababu ndivyo walivyoona picha zinavyotakiwa kuwa, na huku kwetu ni vile vile. Darasa langu la Jumamosi niliwaambia wachore kunguru, ndege anayewaibia maandazi kila siku. Wote wakapaka nyeusi tii, kuanzia mdomo mpaka mkia. Nikawatoa nje, tukakaa chini ya mwarobaini na sambusa moja tukaiweka juu ya ukuta. Kunguru wakaja. Kimya kidogo, kisha mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, huyu kavaa skafu!" Na kweli, kunguru hawa wa mjini, waliotoka India wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kabla ya kuenea pwani yetu nzima, shingo na kifua chao ni kijivu. Watoto wale wamezaliwa na kunguru juu ya paa na hawakuwahi kuiona shingo yake. Waliporudi ndani hakuna aliyeniuliza aanzie wapi.

Tembo ndiye ninayemtaka kwako. Hapa mjini tembo ni biashara. Pita soko la vinyago la Mwenge au kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, utawakuta wa kila saizi pamoja na twiga wao, na wengi wa wanaowachora wanaigana wao kwa wao. Siwadharau. Ada yako ya chuo ilitoka shingoni mwa twiga hao, na anayejifunza lazima aige kwanza. Lakini watoto wa Tunduru wanamjua tembo mwingine kabisa, anayevuka ushoroba, ile njia ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji, na kuingia shambani usiku. Wanajua sauti ya mahindi yakivunjwa, wanajua baba akipiga debe gizani, wanajua njaa inayofuata. Mwambie mtoto achore usiku ule. Atakuchorea tembo ambaye sisi wa Oysterbay hatumwezi, na hatauzika kwa mtalii, potelea mbali.

Haya, yule mzazi. Usibishane naye na usimtolee aya, hukusomea hayo. Wako waumini wengi wanaolishika jambo hilo kwa moyo safi. Mimi nilikuwa na binti hapa Msasani, baba yake alikuja na maneno hayo hayo. Nikamwomba binti aniletee ukili wa bibi yake, anayesuka mikeka. Tukahesabu chane zinavyopishana, nyekundu inapita juu ya mbili, inazama chini ya mbili, na mtoto akaanza kuzichora. Kutoka ukili tukaenda kwenye milango ya nakshi, waridi na minyororo yake. Huyo binti hakuchora kiumbe hata kimoja mpaka anaondoka kwangu, na kwa ruwaza hakuna aliyemfikia. Huyo mzazi wa huko Tunduru naye nenda kamwulize nyumbani kwake wanasuka nini, wanachonga nini. Atakukaribisha chai.

Ila kuna mlango usiugonge. Huko kwa Wayao, unyago na jando vina maumbo yake yanayotengenezwa chini kwa udongo na unga. Usimwulize mtoto, usimchoreshe, hata kama afisa elimu atakuja na kusema sanaa za asili ziingie darasani. Yana wenyewe na yana wakati wake. Kuheshimu ni pamoja na kutojua.

Umeniuliza pia, kwa kuzungukazunguka kama kawaida yako, kama mtu anaweza kuwa na dini yake na bado akapenda mashetani wa George Lilanga. Mimi nawapenda. Mzee yule aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, kama mlinzi, akaishia kuchonga na kuchora viumbe wa imani za Wamakonde, wana masikio makubwa na matumbo, wanacheza ngoma, wanabebana, wanagombana kama majirani wa nyumba ya kupanga. Shangazi yako hataki picha hiyo ukutani kwake. Mimi ninayo chumbani na sala zangu ziko pale pale. Lilanga alikuwa anatuchora sisi.

Sisemi kuchora ni ibada. Ibada ina saa zake na udhu wake. Ninachojua ni kwamba nikishaswali alfajiri nikashuka pwani na daftari, nikamkuta kaa yule wa kwenye mikoko mwenye gando moja kubwa, siwezi kumchora nikiwa na haraka wala nikiwa nimekasirikia mtu. Anaingia shimoni. Inabidi nitulie mpaka aniamini, na nikirudi nyumbani chai ina ladha.

Kwa hiyo na wewe chora, Idrisa. Hujaniambia hata mara moja unachora nini mwenyewe tangu ufike. Kusahihisha madaftari kunakula usiku wote ukikuachia. Mwalimu wa sanaa asiyechora wanafunzi wanamjua upesi, anaanza kupenda mistari iliyonyooka. Tenga jioni moja ufunge mlango.

Nimempa kondakta wa basi kifurushi, nimelipia tayari, usikubali akudai tena. Penseli na rangi za nta ni za darasa. Zile brashi za manyoya zilizofungwa kwenye kitenge ni zako, usiwaazime walimu wenzako. Na nitumie picha za tembo kwa simu watakapomaliza, za wote, hata za wale waliochora bendera.

Mama yako