Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: digrii, leseni, na sisi tuliopo kazini tayari

Ndugu wanachama, habari za kazi na poleni na shifti. Najua wengi mtasoma hii mkiwa mmetoka naiti, kwa hiyo sitazunguka. Chama chetu cha manesi kimefanya mambo kadhaa mwaka huu ila lililokula muda wetu ni moja tu, haya masharti mapya ya elimu na usajili, yaani baraza linalotusajili na kutupa leseni kutaka nesi awe na digrii, hilo ndo nitalikalia, mengine nitayapitia juu juu.

Kwanza tuwekane sawa maana kwenye grupu kuna vitu vinazunguka utafikiri kesho tunafukuzwa wote. Mambo ya nani asajiliwe na kwa elimu gani hayajaanza leo. New Zealand ndo walitangulia kuwa na sheria ya kusajili manesi peke yao, 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la usajili. Uingereza walivutana miaka kama thelathini hivi, upande mmoja nesi Ethel Gordon Fenwick anataka daftari na mtihani, upande wa pili (wengi wetu hatukufundishwa hili) alikuwepo Florence Nightingale, mwanzilishi wa unesi wa kisasa, huyo huyo tunayemsherehekea kila tarehe 12 Mei, yeye usajili aliukataa, aliona mtihani hauwezi kukuambia huyu ni nesi mzuri au la. Kwa hiyo wale wadogo mnaowacheka dada zenu wodini wakilalamika makaratasi yamezidi, punguzeni kidogo.

Sheria ya Uingereza ilipita 1919, na kilichonifanya niilete hapa ni kwamba haikuwafungia mlango waliokuwa wanafanya kazi tayari. Walipewa kipindi cha kuingia kwenye daftari kwa uzoefu wao, mafunzo yaliyopangwa na mtihani vikawahusu wanaokuja. Hata jimbo la New York juzi juzi tu, Desemba 2017, waliposema nesi mwenye leseni awe amepata digrii ndani ya miaka 10 tangu apate leseni, waliwaacha nje waliokuwa na leseni na hata waliokuwa vyuoni wakati huo. Hoja yetu kamati mwaka mzima imekuwa hiyo hiyo, pandisheni kiwango sawa, ila msimpandishe mtu darini halafu mkavuta ngazi.

Maana digrii hatuipingi, naomba hili lieleweke na msinitumie tena meseji za kuniuliza chama kiko upande gani. Ireland wameifanya digrii kuwa ndo njia ya kuingia tangu 2002, Uingereza tangu 2013 anayeanza chuo anaanza na digrii, Umoja wa Ulaya nao wanataka angalau masaa 4,600 ya masomo na vitendo na nusu yake iwe kwa mgonjwa sio darasani. Dunia inaelekea huko, kubishana na hilo ni kupoteza nguvu.

Kinachonikera mimi ni namna ushahidi unavyotumika. Kwenye vikao na baraza karibu vyote tuliwekewa mezani ule utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2014, kwamba manesi wenye digrii wakiongezeka kwa asilimia 10 uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 7. Sawa kabisa. Lakini utafiti huo huo unasema nesi akiongezewa mgonjwa mmoja tu juu ya wale alionao, uwezekano wa kifo unapanda kwa asilimia 7 pia! Hiyo nusu ya pili huwa hawaisomi. Yaani wanataka nesi mwenye digrii halafu wamwachie wodi nzima peke yake, akitoka hapo akaandike asaimenti mpaka asubuhi. Tuliwasomea wenyewe, kukawa kimya kidogo, mmoja akasema hayo ni ya wizara ya fedha.

Tulichopata mpaka sasa: baraza limekubali kwa maandishi kwamba mwenye cheti au diploma ambaye tayari yuko kwenye daftari hatafutwa kwa sababu ya elimu yake, na hilo peke yake lilitugharimu vikao vingi. La uzoefu kuhesabiwa, kwamba aliyekaa leba miaka asirudishwe kusoma moduli ya kuzalisha kama vile hajawahi kushika mtoto, wamelipokea ila bado liko kwenye kamati yao ya mitaala. La waajiri kutoa ruhusa na kupanga shifti kwa wanaokwenda kuapgredi, yaani kusoma kupanda ngazi ya elimu, hapo hatujapata kitu, waajiri wanasema tutaona, na mwaka ujao ndo tunaanza nalo.

Sasa niwaseme na nyinyi. CPD, yaani mafunzo endelevu ya kazini, imekuwa sharti la kuhuisha leseni na bado watu mnaisubiri wiki ya mwisho, mnaingia semina ya onlaini mnazima kamera mnaendelea kulala, halafu pointi zisipoonekana kwenye mfumo mnapiga simu kwa katibu usiku. Wenzetu Uingereza tangu Aprili 2016 kila miaka 3 unaonyesha masaa 450 ya kazi na 35 ya kujifunza, 20 kati ya hayo yawe ya kushirikiana na wengine sio kusoma mwenyewe kitandani, na unaandika ulichojifunza na kimebadilisha nini kwenye kazi yako. Mimi hiyo ya kuandika naipenda, pointi tupu hazionyeshi kitu, na tumependekeza hata huku ianze. Najua hamtanishukuru.

Wanaotaka kwenda nje: mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, NCLEX, umebadilika tangu Aprili 2023, sasa unapewa kesi ya mgonjwa unaamua hatua kwa hatua, kwa hiyo acheni kuuziana zile noti za zamani. Na leseni yako ya nyumbani iwe hai kabla hujaanza hizo safari, maana kule wanaulizia baraza lako hali ya usajili wako.

Fedha, mweka hazina ameshatuma ripoti yake, isomeni, tumetumia zaidi kwenye mwanasheria kuliko tulivyopanga na sioni kama mwakani itapungua. Wajumbe wawili wa kamati wanamaliza muda, fomu ziko kwa katibu, na ningeomba angalau mmoja awe wa cheti au diploma, hatuwezi kuwasemea watu wasiokaa mezani.

La mwisho, ambaye leseni yake inaisha ndani ya miezi mitatu ijayo ampe katibu jina na namba ya usajili mwezi huu, tunapeleka orodha baraza kwa pamoja ili mfumo ukikwama tena tuwe na ushahidi kwamba mliomba mapema. Skrinishoti ya malipo muitunze.