Bima ikilipa, majeruhi naye aambiwe

Mhariri,

Kila mara tunasoma magazetini kuhusu madai bandia ya ajali: matatu inagongwa ikiwa nusu tupu, halafu mahakamani wanajitokeza abiria wa kujaza basi. Sibishi, waongo hao wapo. Wanatuumiza hata sisi, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kampuni ya bima iliyodanganywa jana leo humshuku hata mwenye chuma mguuni. Lakini kuna jambo ambalo halizungumzwi: majeruhi wa kweli, aliyeshinda kesi ya kweli, ambaye fidia yake imelipwa na haijamfikia.

Mimi ni katibu wa kikundi cha waendesha bodaboda hapa Ahero, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kisumu kwenda Nairobi. Katibu kwetu si mtu wa kuandika minitsi tu. Mwenzetu akigongwa, mimi ndiye ninayekwenda kituoni kuhakikisha ajali imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, nifuatilie abstrakti, yaani hati ya polisi kuhusu ajali, nimkumbushe mkewe asitupe risiti za dawa na eksirei. Risiti hizo ni pesa. Hakimu hukadiria mwenyewe fidia ya maumivu, lakini gharama ulizotumia hazirudishi bila karatasi.

Mambo huanzia kwenye wadi ya hospitali. Mtu hajapoa kutokana na sindano ya usingizi, na tayari kijana nadhifu mwenye faili kwapani amesimama kando ya kitanda. Anamwita mgonjwa "ndugu yangu", mama wa mgonjwa anamwita "mama". Namba ya gari lililogonga anayo. Aliipataje, nawaachia wasomaji. Anasema hutatoa hata shilingi, tukishinda tunagawana. Anaacha pesa kidogo ya matunda na kuondoka na sahihi. Kufika jioni una wakili ambaye hujamwona, katika mji ambao pengine hujafika, na umeshaahidiwa mamilioni. Huyo kijana, ambaye ni broka wa kumtafutia wakili wateja, hasemi kwamba Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kiasi ambacho bima inaweza kulazimishwa kumlipa mtu mmoja. Zaidi ya hapo utamfuata mwenye gari mwenyewe, na wenye matatu za huku tunawajua.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza yote mawili: kumtafutia wakili wateja hivyo, na yale mapatano ya "tukishinda tunagawana". Kifungu cha 46 kinasema mapatano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda ni batili. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi mawakili waaminifu: katazo hilo halimlindi mtu wa Ahero. Linamlinda tapeli. Mwendesha boda anakula alichopata leo. Mguu ukiwa kwenye plasta hapati kitu, na bado anatakiwa kulipia kufungua kesi, ripoti ya daktari, na siku ya daktari kuja kutoa ushahidi. Hana. Kwa hiyo kugawana ndiyo njia pekee iliyobaki, na kwa kuwa imekatazwa hakuna anayeiandika. Asiye na maandishi hana cha kuonyesha siku mambo yakiharibika. Afrika Kusini waliliona hili, na mwaka 1997 wakatunga sheria ya kuruhusu mapatano ya namna hiyo, mradi yawe kwa maandishi yenye sahihi na ada ya wakili isivuke robo ya pesa iliyopatikana. Wabunge wetu wa Nyanza, ambao hatuwakosi kwenye mazishi ya walioangamia barabarani, wangeweza kuanzia hapo.

Kesi yenyewe si fumbo. Wakili hupeleka barua ya madai, akipuuzwa hufungua kesi, kwetu mara nyingi ni mahakama ya Nyando au Kisumu. Bima nayo hukupeleka kwa daktari wake, ambaye aghalabu huona umepona zaidi kuliko alivyoona wako. Kisha ni lawama: pengine inaamuliwa wewe ubebe asilimia 20 kwa kuingia barabarani vibaya, na fidia inapunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Muda wa kufungua kesi ya kawaida ya ajali ni miaka 3. Ukigongwa na gari la serikali kuu ni miezi 12 tu, na hapo ndipo faili zilizolala kwenye makabati ya mabroka hufia. Aliyeumia kazini ana njia yake nyingine, ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia za wafanyakazi, na inampitisha kwa mkurugenzi wa usalama kazini kabla ya mahakama.

Shida inaanza siku bima inapokubali kulipa. Pesa haziji kwako. Zinaingia kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na kwa kanuni za mawakili wenyewe pesa hizo ni zako, anakushikia tu, na hatakiwi kuzichanganya na zake. Kabla ya hapo unatakiwa kutia sahihi kwenye fomu ya kukubali kwamba umelipwa na huna dai tena. Mwenzetu mmoja aliitwa akaitia sahihi fomu hiyo ikiwa na nafasi tupu mahali pa kiasi. Akaambiwa asubiri. Akipiga simu, karani anamwambia bima wamekata rufaa. Akipiga tena, wakili yuko Nairobi. Baadaye simu ikawa haishikwi. Tulipokwenda masjala ya mahakama na namba ya kesi, faili ilionyesha kwamba pande zote zilikubaliana kitambo na kesi imefungwa. Hakukuwa na rufaa yoyote. Kima alichokuja kupewa, baada ya kelele nyingi, hakikuambatana na hesabu ya aina yoyote, na mpaka leo hajui bima ililipa ngapi. Aliiandikia kampuni akajibiwa kwamba wao wanazungumza na wakili wake.

Watu watasema kuna Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili. Ipo, na wakili anaweza kufikishwa mbele ya jopo la nidhamu. Lakini utalalamika vipi kuhusu pesa ambazo hujui zimelipwa? Anayejua ni mlipaji, na mlipaji amefunga mdomo.

Ndiyo maana ninaandika. Kampuni ya bima ina jina la majeruhi, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Zote ziko kwenye zile karatasi ilizodai kabla ya kulipa. Siku inapotuma pesa kwa wakili, imtumie majeruhi ujumbe mfupi wa simu: tumelipa kiasi hiki, tarehe hii, kwa ofisi ya wakili fulani. Basi. Benki hutuarifu hata tukitoa mia mbili. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ndiyo inayozisimamia kampuni hizi zote, na agizo kama hilo halihitaji kungoja uchaguzi.

Najua jibu la mawakili: upande wa pili haupaswi kuzungumza na mteja wangu bila kupitia kwangu. Kanuni hiyo ina maana kesi ikiendelea, maana maafisa wa bima wanaweza kumzunguka mgonjwa wakamshawishi akubali pesa kidogo. Lakini hapa kesi imekwisha na kiasi kimeshakubaliwa. Kuarifu mtu kwamba deni lake limelipwa si kujadiliana naye. Hata bima zenyewe zingefaidika: yule abiria hewa, ambaye jina lake lilikopwa na broka bila yeye kujua, angepokea ujumbe wa kulipwa kwa ajali ambayo hakuwamo, na sidhani wote wangenyamaza.

Wakati tunangoja, kikundi chetu kimekubaliana kwamba hakuna mwanachama atakayetia sahihi yoyote akiwa kitandani. Wakili tunamtafuta wa karibu, ambaye mlango wake tunaweza kuubisha hodi siku ya soko, na kwanza tunaangalia kwenye orodha ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, kama ana leseni ya mwaka huu. Wapo wazuri hapa Kisumu. Nimekaa katika ofisi ya mmoja wao akimwandikia mjane kwenye karatasi, mstari kwa mstari: bima imelipa hiki, daktari amechukua hiki, ada yangu ni hii, chako ndicho hiki, una swali? Yule mama aliuliza maswali mengi, mengine akayarudia, na akajibiwa yote. Kesi ikifunguliwa tunadai namba yake na kuiandika kwenye daftari la kikundi, kwa sababu ukiwa na namba unaweza kwenda masjala mwenyewe. Na fomu isiyo na kiasi haitiwi sahihi, hata karani akikuambia gari la bima linangoja nje.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa IRA na kwa tawi la LSK la huku kwetu. Wakijibu, nitaomba nafasi tena kwenye ukurasa huu.

Katibu, kikundi cha waendesha bodaboda,
Ahero, Kaunti ya Kisumu