Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Yaliyopita 2025 na Msimu wa Maonyesho wa 2026

Ndugu wanachama wa chama chetu cha maigizo na nyimbo, wazee wetu walezi, kina mama wa kiitikio na vijana wa jukwaani, assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru mliofika. Barua za mwaliko zilitoka mapema, ujumbe ukarudiwa kwenye kundi la WhatsApp, alama za kusomwa zikaonekana, na bado safu za nyuma ni viti vitupu. Nitalirudia jambo hili.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulionyesha michezo mitatu, vichekesho vya Desemba vikiwemo. Tulialikwa na walimu wa Kiswahili wa shule mbili za sekondari. Tulitumbuiza kwenye harusi mbili, moja hadi leo haijatulipa na Katibu anaifuatilia. Usajili wetu Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) hauna tatizo. Mwaka wa uchaguzi kumbi huwa adimu, hivyo onyesho la Oktoba tulilibadilishia siku, na mliokuja siku ile mkakuta mlango umefungwa mlikuwa hamjasoma tangazo.

Hesabu kamili anazo Mama Mweka Hazina. Kwa ufupi, mapato yalikuwa Sh. 3,870,000, yaani ada 552,000, viingilio 2,418,000, na michango pamoja na kukodisha vipaza sauti 900,000. Matumizi ni Sh. 3,035,000: kodi ya ukumbi 1,200,000, maleba na mapambo ya jukwaa 640,000, nauli na chai ya mazoezi 785,000, vibali, mabango na mengineyo 410,000. Salio 835,000. Kwa chama kilichonikabidhi daftari la madeni nilipochaguliwa, nadhani hatua imepigwa, ingawa sipendi kujisifu.

Msimu wa 2026 utakuwa na maonyesho matatu makubwa. Juni tunafungua na mchezo wetu mpya wa nyimbo, unaohusu watu wa mkonge. Septemba ni tamthilia ya Kinjeketile. Desemba ni vichekesho kama kawaida, kwa hiyo wanaoeneza kwamba Mwenyekiti ameua vichekesho wasome ratiba.

Sasa nije kwenye yale yanayosemwa vibarazani. Nimeyasikia yote, maana mji huu hauna siri. Linasemwa kwanza kwamba mchezo wa mkonge umewekwa mbele kwa sababu mwandishi wake ni mimi. La pili, kwamba salio la chama, ambalo wengine walilitaka linunue maleba mapya, limekwenda kwa wapiga ala wasio wanachama.

La kwanza. Ni kweli nimeuandika mimi, na sikulipwa hata karatasi. Uliletwa kwenye kikao cha wanachama tukiwa 17. Ulipofika wakati wa kupiga kura nilitoka nje kwa hiari yangu, nikakaa barazani na mlinzi mpaka nilipoitwa. Kura za ndiyo 11, za hapana nne, mmoja alinyamaza. Wapo wanaosema 17 si akidi. Katiba yetu inasema akidi ni theluthi moja ya wanachama hai, na mwanachama hai ni aliyelipa ada. Waliolipa ni 23. Kila mtu apige hesabu mwenyewe. Na katika wanaolalamika, nimepitia daftari la mahudhurio, wengi siku ile hawakuwepo.

Kwa nini tusingefungua na Kinjeketile? Naipenda, na sina ugomvi nayo. Ebrahim Hussein aliitoa mwaka 1969, na mpaka leo ukitaja jina lake kwa aliyesoma sekondari uso unachangamka. Lakini ule ni mchezo wa umati. Vita vya Maji Maji vya 1905 huwezi kuviweka jukwaani na watu wachache wanaozunguka nyuma ya pazia wakirudi na kofia nyingine. Tulipojaribu mazoezi mwezi Agosti tulikuwa watano, na wa tano alikuwa mlinzi wa ukumbi, tuliyemwomba atushikie mkuki. Isitoshe, kazi ya mtu inataka idhini, na hilo tumeanza kulishughulikia. Kazi yetu wenyewe haitaki kumwandikia mtu barua. Basi tumeipa Kinjeketile hadi Septemba, ili wanaoidai sana wapate muda wa kuja mazoezini.

Na mkonge, jamani, tusipouigiza sisi ataigiza nani? Miche ililetwa kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Wimbo wa kufungua unaanza na miche hiyo: kina mama wanaihesabu kwa makofi, na kila anayekosea hesabu anarudishwa mwanzo. Katikati wanaingia manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, kila kundi na ngoma yake, kila mtu na kipande, kadi yake ya kazi, mkononi, siku thelathini za kazi ndipo alipwe. Yupo mzee anayebishana na karani kwamba jana alikata kipimo chake chote lakini kipande hakikuandikwa. Ubishi ule nimeutoa kwa babu yangu, alikuwa akiusimulia mpaka uzeeni na bado anakasirika.

Mlio wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, tumeutafuta kwa wiki nyingi. Sasa vijana watatu wanaufanya kwa kipande cha bati, fagio mbili za chelewa na debe la mchanga. Mzee wetu mmoja aliyefanya kazi kwenye korona ya kweli alikuja kuwasikiliza. Alifumba macho, akasema mlio ndiyo wenyewe, bado harufu. Harufu ya makapi ya mkonge sitaiweka ukumbini, samahani, tunataka watu warudi siku ya pili.

La pili, wapiga ala. Tumelipa kishika uchumba cha Sh. 600,000 kwa maonyesho matatu, zilizobaki watachukua kwenye viingilio. Kodiani, gitaa mbili, besi, fidla na mpiga dumbak. Kuna waliosema nyimbo tungeziweka kwenye simu tukaunganisha na spika, ingetosha. Huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star Musical Club na Lucky Star. Mji ulioipa taarabu gitaa la umeme, wenzetu wa pwani nzima wakafuata. Niwapandishe waimbaji wa Tanga jukwaani wakifuata simu, halafu simu ipigwe katikati ya ubeti? Sitafanya hivyo nikiwa mwenyekiti. Akija mwingine, afanye.

Wasiojua raha ya ala za kweli wangekuwepo Jumamosi ile kodiani ilipotoboka. Mpigaji aliibandika kiraka cha mpira wa baiskeli, akaijaribu, ikapumua, na mama mmoja wa kiitikio akaanza kuimba kabla hajaambiwa. Ubeti wa tatu tuliubadilisha pale pale, na sasa ndio mzuri kuliko yote. Spika haibadilishi ubeti.

Kuhusu maleba, niulize tu: manamba walivaa hariri? Kaniki na mashati yaliyochakaa tunayo majumbani, na ya Mwenyekiti ni ya kwanza kutolewa. Maleba mapya ya Septemba yatanunuliwa Inshallah kwa mapato ya Juni.

Juni nayo imepigiwa kelele. Mwezi wa Ramadhani hatuonyeshi, hilo halina mjadala. Baada ya Idi ni masika, na mnaufahamu ukumbi tunaokodi: mvua ikigonga bati lile, hata mtu wa safu ya kwanza anaona midomo tu. Mwaka juzi mwigizaji wetu alitamka kwaheri yake yote ya kufa na hakuna aliyesikia, watu wakapiga makofi kwa kukisia. Kwa hiyo Juni. Mnasema kuna Kombe la Dunia. Lipo, tena kule Marekani, Kanada na Meksiko, na kwa saa zetu mechi nyingi ni usiku, nyingine wa manane. Sisi tunaanza saa 10 jioni, saa 12 na nusu mtu yuko kwake. Mpira hautatuua. Kitakachotuua nakitaja sasa hivi.

Ada ya chama hiki ni Sh. 2,000 kwa mwezi. Wanachama tuko 64, waliolipa ni 23. Wengine 41 wanadaiwa Sh. 984,000 za mwaka mmoja tu, yaani pesa ambazo zingelipa kishika uchumba cha wapiga ala na maleba ambayo wao wenyewe wanayalilia. Najua hali ni ngumu, na mgonjwa au aliyefiwa hatumgusi. Lakini mtu anayechangia kamati za harusi kwa maelfu na sare juu yake, akifika kwa Mama Mweka Hazina anakumbuka kwamba maisha yamepanda! Nina jina lako, silitaji leo.

Mazoezi ndiyo aibu zaidi. Ndugu yetu anayekaa Pongwe hupanda daladala, anafika kabla ya saa. Yupo wa Chumbageni, ukumbi anauona akiwa mlangoni kwake, na hutuma ujumbe kwamba jua kali. Kuanzia sasa anayekosa mazoezi matatu mfululizo bila taarifa nafasi yake inapewa mwingine, awe mkongwe awe mgeni. Uamuzi huu ni wa kamati tendaji, si wangu peke yangu, ingawa wazo lilikuwa langu.

Mbele ya safari tunatumaini mengi. Tunatumaini siku moja kuwa na ukumbi wetu, hata kama ni wa kuezeka kwa makuti, na kuna watu tunaozungumza nao kuhusu kiwanja. Tunatumaini kuupeleka mchezo wa mkonge Korogwe na Muheza, penye wenye mkonge wao. Jioni ya mashairi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa hapa kwetu Vibambani mwaka 1909, nayo iko kwenye mawazo. Mwenye wahisani awalete.

Mazoezi yanaanza Jumamosi ijayo saa 9 alasiri. Kina mama wa kiitikio waje na kaniki. Vijana wa korona, lile bati mlilochukua kwa jirani mrudisheni, ametuma mtu mara mbili. Risiti za ada zinaandikwa leo mlangoni kabla ya chai, na Mama Mweka Hazina ana chenji.

Mwenyekiti
Tanga, Januari 2026