Barua ya malalamiko: Mashine ya kufagia mliyonichagulia haifai maegesho ya nje

Dar es Salaam,
19 Mei 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uuzaji wa Vifaa vya Usafi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUFAGIA NILIYONUNUA KWENU MWEZI FEBRUARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nina kampuni ndogo ya usafi wa maegesho ya magari, na kwa miaka sita tumefanya kazi kwa mikono: fagio za chelewa, koleo, toroli na viroba. Tarehe 10 Februari nilinunua kwenu mashine ya kufagia ya betri, ile ya kukalia, kwa shilingi milioni 28 pamoja na VAT. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Milioni 21 nimekwisha kulipa. Milioni 7 ni awamu ya mwisho, inayotakiwa mwisho wa mwezi huu. Nimepiga simu mara tisa, nimefika ofisini kwenu mara mbili, na kila mara naambiwa fundi yuko njiani. Ndiyo maana leo naandika.

Ninachotaka nakisema mapema. Muichukue mashine hii na kunipa inayofaa kwa kazi niliyowaeleza, au mnirudishie fedha zangu. Silalamiki kwamba imeharibika. Inawaka, inatembea, taa zake ni nzima. Nalalamika kwa sababu nilikuja kwenu kuuliza ninunue ipi, mkanichagulia ninyi, na mliyonichagulia siyo ya kazi yangu.

Mwezi Januari nilipokuja mara ya kwanza nilikuwa na daftari. Nilimweleza kijana wenu wa mauzo maeneo matatu ninayofagia. La kwanza ni maegesho ya wazi ya jengo la maduka, yanaingia magari kama 300, ni vitofali vya pevingi, na ukubwa wake ni kama mita za mraba 8,000. La pili ni kiwanja cha lami cha ukumbi wa sherehe, ambako Jumapili asubuhi tunaokota visoda, vijiti vya mishikaki, mifupa ya kuku na chupa za plastiki. La tatu ni maegesho yaliyo chini ya jengo la ofisi, sakafu ya zege, hakuna jua wala mvua.

Nilimwambia kwamba shida yangu kubwa ni mchanga. Jiji hili limekaa juu ya mchanga. Kila gari linalotoka mtaa wa vumbi linaacha kidogo, na mvua ikinyesha maji yanauteremsha kutoka juu na kuutandaza kwenye vitofali mpaka kwenye mitaro. Nikamwambia pia habari ya miti ya mikungu iliyopandwa kuzunguka kiwanja. Majani yake ni mapana, na yakilowa yanashika chini kama yamebandikwa. Yote hayo aliyaandika, nilimwona. Kisha nikaomba jambo moja tu: njooni mlione eneo lenyewe usiku, kabla sijalipa. Akasema sawa, Alhamisi. Alhamisi hakuja mtu. Ijumaa alinipigia kwamba haina haja, kipeperushi kinaonyesha mashine inafagia mita za mraba 6,000 kwa saa, kwa hiyo kiwanja changu cha maduka kitaisha kwa saa moja na dakika ishirini.

Badala ya kuja kwangu mlinialika kwenye chumba chenu cha maonyesho. Pale kwenye terazo mlimwaga ndoo ya unga wa mbao, dereva wenu akapita mara moja, sakafu ikabaki inang'aa. Nilifurahi kweli, na niliamini. Lakini unga wa mbao ni mkavu na mwepesi, na terazo haina kiungo hata kimoja cha kuficha taka. Mtu aliyenisikiliza nikieleza habari ya mchanga na majani ya mkungu hakupaswa kunionyesha unga wa mbao.

Ile 6,000 baadaye niliifanyia hesabu. Ni upana wa mita 1 mara mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Ni mashine inayokwenda moja kwa moja saa nzima, haikati kona, hairudii ukingo wa mstari uliopita, haisimami kumwaga taka. Maegesho yana nguzo, vizuizi vya matairi, matuta, miti, na magari yaliyolala. Usiku wa kwanza tulianza saa 4, maduka yalipofungwa. Saa 7 usiku betri ikaisha. Tulikuwa tumefagia kama mita za mraba 4,500, na kuchaji ni saa nane. Magari ya wafanyakazi wa alfajiri yanaanza kuingia saa 11. Ilinibidi niwapigie simu akina mama wafagiaji, ambao niliwaambia usiku huo wapumzike, waje kwa bodaboda kwa gharama yangu kumalizia kwa chelewa.

Nilivumilia hilo, nikasema ni ugeni wa kazi. Kilichonishinda ni pipa la taka.

Pipa la mashine hii ni la lita 60 na linatolewa kwa mkono. Kwenye ghala la makaratasi hilo si tatizo. Kwangu linajaa mchanga. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo moja na nusu, kwa hiyo pipa likijaa ni kilo 90, zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji, na linashikwa kwa mpini mmoja wa plastiki huku mtu ameinama. Kijana wangu mmoja aliteguka mgongo wiki ya pili na alikaa nyumbani siku kumi. Nilimlipa siku zote hizo na matibabu yake. Tangu hapo tunamwaga likiwa nusu, maana yake tunasimama mara mbili zaidi, na betri ileile inaisha kabla ya kazi. Zipo mashine ambazo pipa lake linanyanyuliwa kwa haidroliki na kumwaga moja kwa moja kwenye toroli au kwenye gari. Niliiuliza hiyo. Jibu nililopewa ni kwamba inaongeza bei bila sababu.

Halafu masika yakaanza. Usiku wa tatu wa mvua niliona vumbi linatoka nyuma ya mashine, huku chini kumelowa. Nikamwambia dereva azime, nikafungua kifuniko mwenyewe kwa tochi ya simu. Filta ni ya karatasi iliyokunjwakunjwa kama feni ya mkononi. Kila mkunjo ulikuwa umejaa tope la kijivu, zito, limeshikana kama udongo wa kukandika. Nilipoligusa lilimenyuka likiwa na alama ya vidole vyangu, na karatasi ikaja nalo. Filta mpya mliniuzia kwa shilingi 280,000, ikakaa siku kumi na moja. Ya pili mkasema imeisha, tusubiri kontena. Sasa ni wiki ya tano.

Bila filta mashine inafagia, ila vumbi lote linampanda dereva usoni. Na brashi ya pembeni hata filta ikiwa nzima inarusha vumbi, kwa sababu yenyewe iko nje ya sehemu inayonyonya, na mashine hii haina tangi la maji wala vinozeli vya kunyunyiza. Hili naomba mlichukulie kwa uzito. Vumbi laini la mchanga lina silika, na mtu akilivuta miaka na miaka linamharibu mapafu. Kwa chelewa tulikuwa tunanyunyiza maji kwanza, ndipo tunafagia. Nimenunua mashine ya milioni 28, na wafanyakazi wangu wanakula vumbi kuliko mwanzo. Nimewanunulia barakoa nzuri, lakini hakuna mtu anayeweza kukaa na barakoa usiku kucha katika joto la Dar mwezi Machi.

Nilipowaeleza habari ya majani, ushauri wenu ulikuwa nibadilishe brashi kubwa niweke yenye nyuzi ngumu zaidi. Nililipa 450,000. Majani mengine yalianza kutoka, ni kweli. Lakini brashi hiyo ikaanza kuchimbua mchanga uliojazwa kati ya vitofali. Mchanga ule si uchafu, ndio unaoshikilia vitofali visicheze. Upande wa lango la kusini pevingi ni mpya, haina hata mwaka, na ndani ya wiki tatu vitofali vikaanza kulia tairi likipita juu. Meneja wa jengo aliniita, akanionyesha kwa kidole, akanipa barua ya onyo. Nimerudisha mchanga kwa gharama yangu na tumeacha kabisa kupitisha mashine upande ule. Mkataba wangu na jengo hilo unaisha Agosti, na huyo ndiye mteja anayelipa mishahara ya watu wangu kumi na wawili.

Nitawatendea haki: kwenye maegesho ya chini ya jengo la ofisi mashine hii inafanya kazi vizuri sana. Zege ni laini, hakuna mchanga mwingi, hakuna mvua, na kwa sababu ni ya betri haitoi moshi mahali ambapo hewa haitoki. Mashine ya injini singeiingiza kule, moshi wake ungedhuru watu. Lakini eneo lile ni mita za mraba 1,200 na tunalifagia mara mbili kwa wiki. Mtu yeyote aliyesoma daftari langu angeniambia hivi: kule chini chukua mashine ndogo ya betri ya kusukuma, na nje chukua ya injini, yenye pipa la chuma linalonyanyuka, maji ya kutuliza vumbi, na filta ya kitambaa inayojikung'uta. Angeniambia pia ninunue blowa ya mgongoni, yaani mashine ya kupuliza hewa, ya kutolea taka nyuma ya vizuizi vya matairi na kwenye kona, kwa kuwa hakuna brashi ya duara inayofika kwenye pembe. Blowa niliitaja mwenyewe siku ile ya Januari. Niliambiwa brashi ya pembeni inatosha.

Kama fedha zangu zisingetosha kwa hiyo ya injini, bora mngeniambia. Ningebaki na chelewa mwaka mmoja zaidi huku nikiweka akiba. Mkopo nilioukopa benki unakatwa kila tarehe 5, mashine ifanye kazi au isifanye.

Kwenye simu ya mwisho niliambiwa kwamba waranti haihusiki kwa sababu mashine "imetumika katika mazingira yasiyoruhusiwa". Nimekisoma kitabu cha maelekezo, na kweli ukurasa wa matumizi unasema ni kwa sakafu kavu za ndani na maeneo ya nje yaliyo laini na makavu. Kitabu hicho nilikabidhiwa pamoja na mashine, baada ya kulipa. Mazingira yangu mliyajua mwezi mzima kabla yangu mimi kuyajua masharti yenu. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na akategemea utaalamu wake. Ujumbe wa WhatsApp nilioutuma tarehe 17 Januari, wenye picha sita za kiwanja, za mchanga na za majani yaliyolowa, bado ninao, pamoja na jibu la kijana wenu: "Hii inaiweza kabisa mzee."

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mmtume fundi na mtu wa mauzo waje usiku kwenye eneo lenyewe, mashine ikiwa kazini, waone kwa macho yao. Baada ya hapo mnibadilishie kwa mashine ya nje kama nilivyoeleza, na tofauti ya bei tuzungumze kwa uwazi. Au muichukue na kunirudishia milioni 21, mkikata kiasi cha haki kwa saa 190 zinazosomeka kwenye mita yake. Fedha za filta na za brashi ngumu nataka zirudi zote, kwa sababu nilizitoa kwa ushauri wenu. Awamu ya milioni 7 naisimamisha mpaka tuelewane, na barua hii ndiyo taarifa rasmi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea. Zikipita bila jibu la maandishi nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na viambatanisho vyote. Ningependa tusifike huko. Nahitaji mashine, na ninyi mnaziuza, na ninawafahamu wenzangu wawili katika kazi hii walio mbioni kununua na wanaosubiri kusikia kwangu.

Mashine iko kwenye banda langu, imefunikwa turubai, brashi zote mbili na ile filta iliyochanika vipo kwenye boksi juu ya kiti. Betri nitaiacha imejaa kila siku kuanzia saa 12 jioni. Fundi akija saa 4 usiku mlinzi wa lango la kusini atamfungulia, nimekwisha mwambia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki,
Kampuni ya usafi wa maegesho

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya ujumbe na picha za tarehe 17 Januari, picha za filta, cheti cha hospitali cha mfanyakazi, barua ya onyo kutoka kwa meneja wa jengo.

Nakala: Mwanasheria wangu.