Salma, zamu yangu ya kutoa

Leicester, Jumapili usiku

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Huku tunaendelea. Baridi imeanza kupungua na leo kifua kimenipa nafasi ya kukaa mezani. Naandika kwa sababu juzi kwenye simu ulilia, na wewe ukilia mimi nasahau nililotaka kusema. Uliniuliza, "Mama, umekubali wakufanyie majaribio kama panya?" Sikukujibu. Nakujibu sasa.

Nianze na kidonge. Tangu waliponikata kipande cha pafu la kulia, kila alfajiri nameza kimoja cha osimertinib, dawa ya saratani ya mapafu, miligramu 80. Ramadhani nilikimeza wakati wa daku. Kucha zangu umeziona kwenye video: zinapasuka pembeni, nyama inavimba, nazipaka yale mafuta ya nazi uliyonitumia na kuzifunga plasta kabla ya kuosha vyombo. Tumbo nalo lilinisumbua miezi ya mwanzo. Lakini kwa miaka miwili nilikwenda kazini, nilifunga, nikaja Tanga kwenye harusi ya Mwanaidi na kucheza mpaka viatu nikavishika mkononi.

Sikuwahi kujiuliza kidonge kile kilifikaje kwangu. Nilidhani dawa ikishatengenezwa inapelekwa hospitali, basi. Aliyenifungua macho ni muuguzi wa utafiti, mama wa makamo mwenye subira. Alinieleza habari za jaribio liitwalo ADAURA. Walichukuliwa watu 682 kutoka nchi nyingi, wote wamepasuliwa kama mimi, wote uvimbe wao una badiliko la jeni ya EGFR, ile inayoziambia seli zikue, kama wangu. Kompyuta ikawapigia kura: 339 wakapewa dawa, 343 wakapewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, kimefanana na chenyewe kila kitu. Mgonjwa hajui anachomeza, daktari wake hajui. Walipangiwa kumeza kwa miaka 3.

Mwaka 2020 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu iliona tofauti kubwa kiasi cha kushauri matokeo yafunguliwe miaka 2 kabla ya wakati. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika hatua ya pili na ya tatu, baada ya miaka 2, kati ya kila 100 waliomeza dawa, 90 walikuwa hai na saratani haijarudi. Kwa waliomeza kitupu walikuwa 44. Mwaka 2023 wakahesabu walio hai baada ya miaka 5 kwa wagonjwa wote wa jaribio: kati ya kila 100, 88 kwa waliomeza dawa, 78 kwa waliomeza kitupu.

Wale 343 siwasahau, Salma. Nawaona wanaamka kama mimi, wanapasua karatasi ya kidonge, wanaomba Mungu, wanameza unga mtupu. Wengi ugonjwa uliwarudia. Ni kweli kwamba wakati huo hakuna aliyejua kama dawa ile inafaa kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, na waliorudiwa waliweza kupewa dawa yenyewe. Lakini bila wao, daktari wangu angekuwa anakisia tu. Asingeweza kunitazama machoni na kuniambia, "Meza hiki."

Unaukumbuka mchezo wa bibi yako pale Ngamiani? Wanawake kumi na wawili, kila Ijumaa wanachanga, mmoja anapokea. Na unamkumbuka yule aliyepokea wa kwanza kisha akahama mtaa. Bibi hakumtaja tena kwa jina lake mpaka leo. Mimi mchezo huu nimepokea kabla ya kutoa.

Sasa ugonjwa umerudi, hilo unalijua. Picha ya mwezi uliopita ilionyesha vidoa kwenye pafu la kushoto. Saratani imejifunza kukikwepa kidonge. Matibabu ya kawaida kwa mtu kama mimi ni dripu za kemo, dawa kali za kuua seli za saratani. Walichoniomba ni kuingia kwenye kura nyingine: nusu yetu tutapata kemo ile ile ya kawaida, nusu tutapata dawa mpya, kingamwili iliyobebeshwa sumu ili iifikishe ndani ya seli yenye ugonjwa na kuitua humo. Hakuna atakayepewa kitu kitupu. Dawa hiyo imeshapita hatua ya kutafuta kipimo ambacho mwili unakivumilia, na hatua ya kuona kama inapunguza uvimbe. Hii ni ya tatu, ya kuipambanisha na kemo ana kwa ana. Inaweza kushindwa. Dawa nyingi zinaishia njiani. Na inaweza kuvimbisha mapafu, jambo ambalo kwa mtu aliyebaki na pafu moja na kipande si dogo. Hapo niliogopa na bado naogopa, sikufichi.

Hofu yako si ya kijinga. Ulinitajia Tuskegee, na ni kweli tupu. Kule Alabama, kuanzia 1932, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya" na kumbe wanatazamwa tu wanavyoharibika. Penisilini ikapatikana, wakanyimwa. Mpaka 1972! Wale walidanganywa. Mimi nimepewa kurasa 26, nimekaa nazo wiki nzima, nimezipigia mistari kwa kalamu nyekundu na kurudi na maswali. Naweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu na nitaendelea kutibiwa. Nililisoma neno hilo mara tatu, kisha nikamwambia yule muuguzi anisomee yeye kwa sauti.

Kuna la mjomba wako Hamisi pia. Alikohoa karibu mwaka. Makohozi yakapimwa, wadudu wa TB hawakuonekana, akaanzishiwa dozi ya miezi sita hivyo hivyo. Hakupata nafuu, akaanzishiwa tena. Hakuna aliyekata kipande cha nyama akakipima mpaka alipopelekwa Dar es Salaam, na wakati huo saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Jeni yake hakuna aliyeigusa. Hakuvuta sigara hata siku moja, kama mimi. Najiuliza kila siku kama na yeye alikuwa na badiliko la EGFR.

Badiliko hili lenyewe liligunduliwa mwaka 2004, kule Boston. Kulikuwa na dawa iitwayo gefitinib ambayo wagonjwa wengi haikuwafaa, lakini wachache uvimbe uliyeyuka kama samli. Madaktari wakauliza hao wachache wana nini. Wakapima, wakakuta. Jibu lilipatikana kwa sababu watu hao walikuwemo ndani ya hesabu. Sisi weusi kwenye majaribio haya ni wachache mno. Asiyehesabiwa nani atauliza ana nini?

Karatasi nimezisaini Ijumaa. Alhamisi saa nne asubuhi kwa saa zetu wataniingiza kwenye kura, na jioni nitajua nimeangukia upande gani. Bibi yako usimwambie kitu, nitampigia mwenyewe. Shangazi Rehema mwambie, maana na yeye ana haki ya kujua kuhusu mumewe Hamisi. Na kama una mtu anakuja huku, nitumie mafuta ya nazi chupa mbili, yale ya kukamua nyumbani, yaliyopita yamebaki kidole.

Alhamisi usizime simu hata ukiwa darasani.

Mama yako